Ukarabati hufika pale macho ya mnunuzi yanapofika: namna ya kukagua nyumba ya zamani Moshi na Arusha

Nyumba ilikuwa Pasua, Moshi, na mwenyewe alinipa siku nne. Ufa ulianzia kona ya dirisha la sebuleni ukapanda kwa ngazi, tofali hadi tofali, mpaka kwenye dari. Kidole changu cha mwisho kiliingia mpaka ukucha ukapotea. Nikaupanua kwa tindo, nikajaza, nikatandaza wavu wa kuku, nikapiga lipu. Kesho yake skimu, keshokutwa rangi ya krimu. Siku ya tano dalali akaleta mteja, mteja akapapenda. Mwaka haukwisha. Udongo ulipokauka mwezi wa tisa, ufa ukarudi ukifuata ngazi zilezile, na mnunuzi akaulizia fundi mzuri wa karibu. Akaelekezwa kwangu.

Mimi ni fundi uashi, na nyumba za namna hiyo nimezipamba nyingi. Ndiyo maana nathubutu kuandika mwongozo huu: najua pesa ya ukarabati inakwenda wapi. Inakwenda sebuleni, jikoni, bafuni na kwenye ukuta wa mbele. Haiendi juu ya dari, wala stoo, wala nyuma ya nyumba wanakofulia, wala chini ya sinki, wala kwa jirani. Ukaguzi wote ninaoueleza hapa ni safari ya kwenda huko ambako pesa haikufika.

Kabla ya kutoka nyumbani

Panga kwenda mara mbili. Mara moja iwe masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa inanyesha au imekatika asubuhi hiyo. Hapo utaona maji. Mara ya pili iwe mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, kwa sababu penye udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi) nyufa hufunguka udongo ukikauka. Kama haraka za muuzaji hazikuruhusu, chagua mvua.

Beba tochi kali, pimamaji, timazi (uzi wenye jiwe mwishoni unatosha), futi kamba, bisibisi bapa, goroli moja, kadi ya benki, kalamu na daftari. Ngazi azima hukohuko. Nenda na fundi wako wa kumlipa mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mke, ana ada za shule, na anataka dalali amwite tena wiki ijayo. Simlaumu, ila usimpe kazi ya kukulinda.

Hatua ya kwanza: vuka barabara

Usiingie ndani. Simama ng'ambo uiangalie nyumba nzima kwa dakika kumi, hata dalali akikuita. Tazama mstari wa juu kabisa wa paa: umenyooka, au una bonde katikati kama mgongo wa punda mzee? Bonde ni kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zilizochoka. Linganisha mstari wa madirisha na wa bati pale pembeni. Kona moja ikiwa imeshuka, jicho huligundua hilo kwa mbali upesi kuliko pimamaji kwa karibu.

Halafu linganisha kimo cha barabara na kimo cha kizingiti. Barabara nyingi za mitaa ya zamani zimepandishwa zilipowekwa lami, na nyumba imebaki bondeni. Maji yote ya mtaa yanateremkia msingi wako, na hakuna rangi inayobadilisha hilo.

Hatua ya pili: muulize pacha wake

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na sijaona wanunuzi wengi wakiifanya. Mitaa ya zamani, kuanzia Kaloleni ya Arusha hadi Majengo ya Moshi, pamoja na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962, ina nyumba zinazofanana: ramani moja, udongo mmoja, mara nyingine hata fundi mmoja. Nyumba unayotaka kununua imepakwa rangi. Pacha wake wa pili kushoto hajapakwa. Yeye ndiye atakayekuambia ukweli.

Piga hodi kwa adabu. “Shikamoo mama. Nimekuja kuangalia nyumba ya hapo jirani, huenda tukawa majirani. Naomba kukuuliza, masika maji yanafika hapa?” Mama mmoja wa Pasua hakunijibu kwa mdomo. Alinishika mkono akanipeleka nyuma, akanionyesha mstari wa matope ukutani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mstari huo ulikuwepo pia kwenye nyumba iliyokuwa inauzwa, chini ya marumaru mpya zilizobandikwa ukutani kwa nje. Marumaru za nje zenye kimo cha futi mbili tu ni pambo linalohitaji kuulizwa maswali.

Ukiwa hapo, tazama nyufa za mwenyeji wako: ziko kona ipi, zinaelekea wapi. Kisha urudi kwenye nyumba yako uzitafute mahali palepale.

Hatua ya tatu: udongo

Mji wa Moshi unateremka. Juu, kuelekea Shanty Town na Rau, udongo wa mlimani ni mwekundu, unapitisha maji, unabeba nyumba vizuri. Ukishuka kuelekea Pasua na njia ya kiwanda cha sukari cha TPC unaanza kukutana na mbuga, ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Arusha nako upo, sehemu za Muriet kwa mfano. Mbuga ikilowa huvimba na kunyanyua msingi, ikikauka hunywea na kuuacha ukining'inia. Nyumba inapumua hivyo mwaka hadi mwaka, na ukuta wa tofali haujui kupumua.

Chimba kidogo nyuma ya nyumba, chini ya tabaka la kifusi. Chukua konzi ya udongo, iloweshe, isokote iwe nyembamba kama penseli, kisha ikunje iwe pete. Ikikunjika bila kukatika, huo ni mfinyanzi mtupu. Kiangazi huhitaji hata hilo: ardhi yenyewe itakuwa imepasuka nyufa za kuingiza kidole.

Mbuga peke yake siyo sababu ya kukimbia. Muulize muuzaji msingi una kina gani na kama ulifungwa mkanda wa zege wenye nondo. Hajui? Omba kuchimba shimo moja dogo kando ya ukuta, kwenye kona, hadi uone chini ya msingi. Nimekuta nyumba nzuri ya vyumba vinne imekaa juu ya mawe yaliyopangwa kwa kina cha futi moja na nusu, ndani ya mbuga.

Angalia pia miti. Mjakaranda mkubwa mita 2 kutoka ukutani ni mzuri ukichanua, lakini mizizi yake inanyonya maji chini ya kona moja na kuziacha nyingine. Na ukinunua huko mlimani, Uru au Kibosho, fuata mfereji wa asili uone unapita wapi: mfereji unaovuja karibu na msingi hufanya kazi usiku na mchana.

Hatua ya nne: kuzisoma nyufa

Sasa ingia ndani. Zima taa, funga mapazia, bandika tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga utambae juu yake badala ya kuupiga usoni. Ukuta unaoonekana laini kama yai utaanza kuonyesha mabonde na matuta. Ufa niliouziba mimi huonekana kama kovu la mshono, upana wa kiganja, limeinuka kidogo. Gonga kwa kifundo cha kidole: lipu iliyoshika hulia kavu, iliyoachia hulia kama debe.

Mahali ufa ulipo na unakoelekea ni muhimu kuliko urefu wake.

Vijufa kama utando wa buibui ni vya lipu yenyewe, ilikauka haraka au saruji ilizidi. Hivyo visikunyime usingizi. Kwa vilivyobaki tumia kadi ya benki, ambayo unene wake ni chini kidogo ya milimita 1. Isipoingia, andika mahali pake uendelee. Ikiingia, simama. Kuanzia milimita 5 hiyo si kazi ya lipu tena, na ukifika milimita 15 unazungumzia kubomoa kipande cha ukuta na kukijenga upya.

Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango ni msingi ulioshuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mwisho wa nyumba ndio unaozama. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kunakoshuka. Ufa wa kulala, unaofuata mstari chini kidogo ya paa, mara nyingi unamaanisha paa linasukuma kuta nje: kenchi zimekatwa mbao ya chini inayofunga miguu yake, au hazikuwahi kuwa nayo. Toka nje uangushe timazi kutoka juu ya ukuta huo uone kama umeegemea nje. Na ufa wa wima ulionyooka kama rula, pale nyumba ya zamani inapokutana na chumba kilichoongezwa, unamaanisha majengo mawili hayakushikana: kila moja lina msingi wake na linashuka kwa mwendo wake. Huu wa mwisho ndio ninaoukuta mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi ndio usiotisha sana, mradi chumba kipya hakijaendelea kuondoka.

Ufa wowote ulioupata ndani, toka nje uutafute. Ukikutana nao pande zote mbili, umeupita ukuta mzima.

Milango nayo husema. Fungua kila mmoja, hata wa stoo. Mlango uliopigwa randa juu upande mmoja, ukabaki na pembe tatu ya mwanga, unafuata fremu iliyopinda. Milango yote ikiwa mipya na fremu ni za zamani, nenda taratibu. Na kabati kubwa lililosimamishwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeliweka, omba lisogezwe.

Hatua ya tano: ukuta umejengwa na nini

Chini ya skimu, tofali la kuchoma, tofali la saruji, jiwe la mlimani na tofali bichi la udongo vyote vinafanana. Muuzaji atasema “tofali.” Kuna njia mbili za kujua.

Ya kwanza ni kupima unene pale dirishani. Ukuta wa tofali la saruji lililolazwa kwa ubavu, pamoja na lipu, hauzidi sana sentimita 20. Ukipata 35 au 40, uko kwenye jiwe au udongo.

Ya pili ndiyo yenyewe. Zima mainiswichi, hakikisha kwa kuwasha taa kwamba umeme umekatika kweli, kisha fungua skrubu mbili za kifuniko cha swichi kwenye ukuta wa nje. Vuta kifuniko, mulika pembeni mwa kasha. Fundi umeme alipotoboa hakuwa na sababu ya kupamba. Utaona kijivu cha saruji, wekundu wa tofali la kuchoma, weusi wa jiwe lenye vitundu, au udongo wa kahawia unaomwagika kama unga ukiugusa na bisibisi. Nimewahi kufungua swichi ya nyumba yenye madirisha ya aluminiamu na dari yenye taa za bluu, nikatoa kipande cha jani la mgomba.

Ukuta wa udongo si dhambi. Ipo nyumba ya udongo iliyozeeka vizuri kuliko kaka zake wa saruji. Tatizo ni kuupiga lipu nzito ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea, unabaki ndani na kuulainisha ukuta taratibu. Nyumba za zamani nyingi hazina nailoni wala tabaka lolote la kuzuia maji juu ya msingi. Gusa kuta kimo cha goti, kunusa hakukatazwi. Unga mweupe unaotoka kwenye rangi ni chumvi iliyoletwa na maji. Na zile paneli za plastiki za kubandika, zinazong'aa kama jiwe la thamani: zikiwa chini ya ukuta mmoja tu wa chumba, bandua kona moja. Muuzaji akilalamika, mwambie utairudishia.

Hatua ya sita: panda darini

Dari ya jipsamu ndiyo blanketi kubwa kuliko yote. Mtu anabadilisha bati, anaweka bati la msauzi jekundu, anafunga jipsamu kwa chini, na katikati ya vitu hivyo viwili vipya zimelala kenchi za miaka hamsini. Ukiambiwa hakuna mlango wa kupandia, pendekeza kutoboa tundu la futi mbili kwa mbili kwenye stoo. Fundi jipsamu hulifunga kwa siku moja. Muuzaji akikataa, piga hesabu ya bei kana kwamba kenchi zote zimeoza.

Ukiwa juu, kanyaga mbao tu. Mulika kwanza pale kenchi zinapokaa juu ya ukuta, maana ndipo mvua inapovujia na mchwa wanapofikia. Choma bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa humeza bisibisi bila sauti, na ndani yake unakuta udongo. Fuata vijia vya udongo vya mchwa vishuke hadi wapi. Usidharau mbao kwa kuwa ni nyeusi na kuukuu: mbao ngumu za zamani, zikikaa kavu, zinazishinda paini mbichi zilizoongezwa juzi bila dawa.

Tafuta mbao zilizokatwa. Mafundi wa tangi, wa bomba na wa dishi hukata chochote kilicho njiani. Kenchi ni pembe tatu. Ukikata upande mmoja, hizo mbili zilizobaki hazijui tena kazi yao.

Ukikuta mabati ya kijivu ya mawimbi yasiyo ya chuma, au dari ngumu ya ubao wa saruji wa zamani, inawezekana ni asbesto. Usitoboe, usikate, usifagie vumbi lake. Likiwa zima halikusumbui leo, lakini kuliondoa ni kazi ya watu wenye vifaa, na gharama hiyo iingie kwenye bei.

Hatua ya saba: kilichoondolewa na kilichoongezwa

Mitaa iliyogeuka ya biashara, kama Ngarenaro, vyumba vya mbele vimekatwa vikawa fremu za maduka. Dirisha la mita moja limekuwa mlango wa mita tatu. Simama chini ya uwazi huo utazame juu: kuna boriti ya zege, au lipu imepakwa juu ya chuma chembamba? Inaning'inia katikati? Ndani, tafuta ukuta uliotolewa ili sebule na jiko viungane. Panda tena darini uone kama ukuta huo ulikuwa unabeba kenchi.

Uliza kuhusu lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha. Nyumba nyingi kongwe hazina. Julai 2007, wakati wa mitikisiko ya mlima Gelai karibu na volkano ya Oldonyo Lengai, tetemeko kubwa lilifika kipimo cha 5.9 na Arusha yote ililisikia. Nyumba isiyo na lenta, iliyokatwa fremu mbili mbele, ndiyo ambayo nisingependa mtoto wangu alale humo siku kama hiyo.

Halafu tangi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili. Limewekwa juu ya nini? Kama liko juu ya zege la choo cha zamani, chungulia kwa chini: madoa ya kutu yaliyonyooka kwenye mistari, au zege lililobanduka nondo zikaonekana, maana yake nondo zinaoza na kuvimba. Vivyo hivyo kwa nyumba iliyopandishwa ghorofa. Msingi wa nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa sababu tu mwenye nyumba amepata mkopo. Hapo usitegemee fundi kama mimi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na uombe kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri kwa ajili ya nyongeza ile. Hakuna kibali, hakuna michoro, basi hakuna anayejua ndani ya nguzo kuna nini.

Hatua ya nane: sakafu na mabomba

Hii ni ya haraka. Weka goroli katikati ya kila chumba. Ikikimbilia kona ileile vyumba vyote, sakafu inashuka huko. Gonga marumaru kwa kisigino cha bisibisi. Mstari wa marumaru zilizopasuka unaovuka kutoka chumba hadi chumba ni ufa wa jamvi, lile zege la chini ya sakafu.

Funga koki zote, nenda kwenye mita ya maji, kaa nayo dakika kumi na tano. Ikizunguka, kuna bomba linalovuja, na kama liko chini ya sakafu linahamisha udongo wako kidogo kidogo. Fungua chemba zote hadi kwenye karo la maji machafu. Karo lililo chini ya chumba kilichoongezwa, jambo ninalolikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda, lina mfuniko ambao haukutengenezwa kubeba kitanda.

Baada ya ukaguzi

Kaa na daftari lako na fundi wako mahali dalali hayupo. Yagawe uliyoyaona mafungu mawili. Lipu, mabomba, mbao chache, milango, nyongeza isiyoshikana: hayo ni ya kupunguzia bei. Msingi unaoendelea kushuka, ghorofa lisilo na michoro, ukuta ulioegemea, zege lenye nondo zilizooza: hayo kamlipe mhandisi aangalie kabla hujasaini chochote.

Swali gumu ni kama ufa bado unatembea au ulisimama zamani. Kuna njia ya bei nafuu. Kata kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa saruji kikivuka ufa, andika tarehe. Ukuta ukisogea kioo kinapasuka. Utepe wa kunata ungenyumbuka na kukudanganya. Kinahitaji muda, msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua, na ndiyo maana wauzaji hawakipendi.

Ile nyumba ya Pasua tulikuja kuichimba kona ya sebule, mita moja baada ya mita moja, tukiruka kipande kimoja kila mara ili ukuta usikose pa kusimama, tukajaza zege chini ya msingi. Nilichukua nusu ya malipo, na mnunuzi nilimweleza sababu. Alininyamazia siku mbili, kisha akaleta chai. Ufa hatukuuziba. Uko wazi sebuleni juu ya kochi, una kipande cha kioo chenye tarehe ya Novemba, na yeye hukitazama kila mvua ikianza. Masika mawili yamepita, kioo kingali kizima.